Siku Watoto Sita Walipolia Pamoja

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya ubatizo, simu ilimkuta Joviale barazani akichambua sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Alifuta mikono kwenye kitenge haraka haraka, maana Jean-de-Dieu si mtu wa kupiga simu asubuhi bila neno.

"Mama Ciba," mumewe alisema, na nyuma yake upepo ulivuma hadi sauti ikawa inakatikakatika. "Boti haitoke leo. Ziwa imekasirika. Banasema kesho, pengine saa sita."

"Saa sita misa itakuwa imeisha."

"Najua. Nimemulilia kapita wa boti, karibu nipige magoti. Amekatala. Njo vile, sitafika. Utasema weye."

Joviale alilitazama beseni la sombe kana kwamba jibu limejificha chini ya majani.

Jean-de-Dieu alikuwa Minova tangu wiki mbili, akinunua vitunguu vya kuleta Bukavu. Mpango wao ulikuwa umekaa sawa kabisa. Siku ya ubatizo padri huwapitia wazazi mmoja mmoja mbele ya kanisa zima na kuwauliza mtoto wao wamempa jina gani. Baba angembeba mtoto, baba angejibu. Kazi ya Joviale ingekuwa kusimama kando yake na libaya yake mpya, blauzi ya kitenge, na kupendeza.

Joviale ana kigugumizi. Si cha kila neno. Maneno mengi hupita kama watu wanaotoka soko la Nyawera, kwa kusukumana kidogo, lakini wanapita. Ila kuna sauti zinazomfungia mlango, na inayofunga kuliko zote ni *ch*, hasa *chi*. Ulimi unaganda nyuma ya meno, taya linakaza, mishipa ya shingo inasimama, naye anabaki hapo mbele ya neno lake mwenyewe kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Na jina la mtoto lilikuwa Cibalonza, ambalo kila Mushi, mtu wa kabila lao, anajua kwamba mwanzo wake hutamkwa *Chi*.

Basi kwa nini akalichagua? Kwa sababu lilikuwa jina la mama yake. Mama Cibalonza alifariki mwaka mmoja kabla mjukuu hajazaliwa, na kwenye misa ya kumwombea Joviale alitumwa kwenye mikro, kipaza sauti, kusoma nia za familia. Alifika mpaka "tumuombee mama yetu..." akakwama hapo. Kanisa likakohoa. Akakwama bado. Mwishowe baba mmoja wa mstari wa mbele, kwa moyo mwema kabisa, akalitamka jina kwa niaba yake, na misa ikaendelea. Joviale hakumchukia yule baba. Lakini alirudi kwenye kiti chake akijua kwamba amemzika mama yake bila kumwita jina.

Mtoto alipozaliwa msichana alijiapia kwamba jina hilo atalisema yeye, kwa sauti, mbele ya watu walewale. Halafu siku zikakaribia, woga ukakua kuliko kiapo, akamwachia mumewe. Alipomwachia alipata usingizi mzuri, na aibu kidogo. Sasa upepo wa ziwa ulikuwa umemrudishia kazi yake.

"Nini tena?" aliuliza Mama Constance akitoka nyumbani kwake na mchi begani. Huyu ni jirani wa ua mmoja, mjane anayeshona sare za shule, na ndiye aliyechaguliwa kuwa marraine, mama wa ubatizo.

Joviale akamweleza.

"Basi nitasema miye. Marraine iko na haki. Unatikisa tu kichwa, miye nasema, padri anamwanga maji, tunakuja kula."

"Acha kwanza, Mama Constance."

"Niache nini?"

"Acha kwanza," Joviale alirudia, na hakujua mwenyewe anataka kusema nini.

Wa tatu alifika Delphine, ambaye huuza sambaza, dagaa wa ziwani, pale Nyawera na sauti yake huitumia nyumbani vilevile kama sokoni. Alikuwa na mchi wake mwenyewe, maana husema kwamba mchi wa kuazima hauna masikio. Waliweka kinu katikati ya ua, wakatia sombe, wakasimama watatu kukizunguka. Cibalonza, miezi mitano, alikuwa mgongoni mwa mama yake amefungwa kitenge, macho wazi.

Watu wasiowahi kutwanga watatu kwenye kinu kimoja hudhani kuna mtu anayehesabu. Hakuna. Wa kwanza anapiga akiwa peke yake, tu, tu, tu, kivivu. Wa pili anasikiliza, anaingia palipo wazi. Wa tatu anaingia penye nafasi iliyobaki, na hapo mwanzoni ni fujo, michi inapishana kwa unywele, majani yanaruka. Halafu, hakuna ajuaye ni lini, fujo inajipanga. Mchi mmoja uko chini, mmoja unapanda, mmoja uko juu, na mikono inakuwa kama ya mtu mmoja mwenye mikono sita. Hapo unaweza kuongea, kucheka, kumsema jirani, na michi haigongani.

Walikuwa wamefika hapo penye raha.

"Na huyu mutoto," alisema Delphine, "atakuja kutwanga lini? Ananiangalia tu kama dirigent anayeongoza nyimbo za chorale."

"Mwache," alisema Joviale akishusha mchi. "Cibalonza wangu bado anajifunza."

Mama Constance alimtupia jicho. Delphine naye. Michi iliendelea.

"Umesema," Delphine alinong'ona, na kwa Delphine kunong'ona ni jambo kubwa.

"Nimesema nini?"

"Jina! Umelisema kama unakunywa maji. Sema tena."

"Cibalonza," alisema Joviale, na mchi ukashuka. "Cibalonza. Cibalonza, binti ya Jean-de-Dieu!" Alicheka hadi machozi. Jina lilikuwa linateleza ndani ya ile nafasi kati ya mchi na mchi, kana kwamba liliachiwa mahali pake tangu zamani.

Hapo akili yake ikarukia darasani. Joviale husoma masomo ya jioni, akitafuta diploma aliyoiacha mwaka wa nne, na mwezi uliopita Mwalimu Venant wa fizikia aliwaambia wafumbe macho, kila mtu apige makofi anavyotaka, bila kumfuata mwenzake. Mwanzoni ilikuwa kama mvua juu ya mabati. Kabla dakika haijaisha, darasa zima, mafundi, wauzaji, mama wenye watoto mgongoni, lilikuwa linapiga kofi moja. Wakafumbua macho wakicheka. "Nani ameongoza?" aliuliza mwalimu. Hakuna aliyejibu. Akawaambia kwamba dunia imejaa mambo ya namna hiyo, vimulimuli wanaowaka pamoja, nyenje wanaoimba pamoja, na hakuna mkubwa wao anayewaamuru. Kila mmoja anamsikia wa karibu yake na kusogea kidogo, basi.

Siku hiyo Joviale alitamani kuinua mkono. Alitaka kusimulia bonde la Nyangezi, kwa bibi yake, jinsi chura mmoja anavyoanza jua likizama, wa pili akamjibu, wa tatu akaingia, hadi bonde zima linapumua kwa pumzi moja. Na ukitupa jiwe wote wananyamaza pamoja, hata kimya chao ni kimoja. Lakini hadithi hiyo ilianza na neno *chura*. Hakuinua mkono. Aliiandika tu ndani ya daftari.

Sasa, mchi mkononi, alidhani amepata dawa. *Kumbe ni mapigo*, alijiambia. *Kesho nitahesabu mapigo moyoni, jina litatoka.* Akaanza kujaribu palepale. Un, deux, trois, Ci...

Mchi wake ukagonga wa Delphine kwa kishindo, ukaruka ukingoni mwa kinu, na sombe ikamwagika mpaka kwenye miguu ya Mama Constance.

"Sha! Unataka kunivunja kidole?" Delphine alipiga kelele. "Kwani umeanza kuhesabu? Nakuona mudomo unahesabu!"

"Pole, Mama Delphine."

"Kinu haina hesabu. Ukihesabu, unajisikia weye peke yako, siye unatusahau."

"Na sombe yangu munaikanyaga," alisema Mama Constance, akiinama kuokota. "Ubatizo bado, tunabatiza udongo."

Walicheka, wakaanza upya. Joviale akajifunza nini? Hakujifunza kitu. Mtu mwenye hofu akipata kamba haulizi imefungwa wapi. Siku nzima alihesabu, akikaanga samaki, akipiga pasi kagauni keupe ka mtoto, un, deux, trois. Akiwa peke yake jikoni jina lilitoka mara moja katika tatu. Alijiambia kwamba mara moja inatosha.

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi ngazini. Watoto wa kubatizwa walikuwa sita, wazazi wao wamepangwa mstari mmoja mbele ya altare, na Joviale alikuwa wa nne. Mama Constance alisimama kulia kwake amevaa kitenge cha sikukuu. Delphine alikaa safu ya tatu, nusu ya mwili nje ili aone vizuri. Upande wa chorale, kwaya ya kanisa, Papa Honoré, mpiga ngoma wa parokia, alikuwa amejiegemeza kwenye ngoma yake kubwa akipumzika, kwa kuwa saa hizo za maswali na majibu hazina wimbo.

Cibalonza alikuwa amelala, kichwa begani kwa mama yake, mdomo wazi, mate yanalowesha libaya mpya.

Padri Anaclet alianza. "Mutoto huyu mumemupa jina gani?"

"Didier," alijibu baba wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayeagiza bia.

"Carine," walijibu wazazi wa pili pamoja.

"Glody," alisema bibi wa mtoto wa tatu, akampita binti yake, na watu wakacheka kidogo.

Padri akafika kwa Joviale. Alimjua. Ndiye aliyeongoza ile misa ya mama yake, na pengine ndiyo sababu aliuliza polepole zaidi, na akatabasamu. "Mutoto huyu mumemupa jina gani, maman?"

Joviale akafungua mdomo, na mlango ukafungwa.

Ulimi ukakaa nyuma ya meno. Taya likakaza. Alisikia feni ya juu ikizunguka. Alisikia mtu akikohoa, kikohozi kilekile cha mwaka jana, angeweza kuapa. Mama Constance akavuta pumzi ya kusema, na Joviale, bila kugeuka, akamshika mkono: acha kwanza.

*Hesabu.* Akaanza kuhesabu. Vidole vyake vilikuwa mgongoni mwa mtoto, vikawa ndivyo vinavyohesabu, un, deux, trois, na kwa kuwa jina halikutoka akahesabu kwa nguvu zaidi, un! deux! trois! kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

Mtoto gani atalala hivyo? Cibalonza aliinua kichwa, akawatazama watu wote hao wasiomjua, midomo ikajikunja, akaachia kilio kilichopanda mpaka kwenye mbao za paa.

Carine wa miezi mitatu alikisikia. Akatulia kidogo, kama anayefikiri, naye akaanza. Halafu Glody. Halafu wale wawili wa upande wa pili ambao hawajaulizwa bado. Didier, mkubwa wao, aliyekuwa anatafuna ukanda wa baba yake, aliuacha ukanda akaungana na wenzake. Kabla padri hajafunga mdomo, watoto sita walikuwa wanalia pamoja, na kanisa lote lilikuwa linacheka.

"Wameanza Utukufu mbele ya chorale!" Delphine alisema, na alidhani amesema kimoyomoyo.

Sasa mama yeyote mtoto akilia, mkono unajua kazi yake. Mama sita wakaanza kupigapiga migongo sita. Hakuna aliyewaamuru. Joviale naye aliacha kuhesabu. Angehesabu saa ngapi, na mwanawe anamlilia sikioni? Alimpiga mgongo polepole jinsi mama yake mwenyewe alivyokuwa akimpiga, pa, pa, pa. Mama wa Carine alikuwa anapiga haraka haraka. Bibi wa Glody alikuwa anapiga kizito. Ilikuwa fujo, kama michi mitatu inapoanza. Halafu yule wa haraka akapunguza kidogo, yule wa kizito akasogea kidogo, na Joviale akasikia jambo analolijua: mikono imepatana. Pa. Pa. Pa. Mgongo mmoja wenye mikono sita. Mama Constance, asiye na mtoto mkononi, alikuwa anayumba kwa mapigo hayohayo. Safu za mbele zilikuwa zinayumba. Na kule pembeni kiganja cha Papa Honoré, ambaye baadaye aliapa kwamba hakumbuki, kilianza kuugusa uso wa ngoma, tu, tu, tu, kidogo sana, jinsi mtu anavyogusa meza akisubiri chai.

Joviale alikuwa anamtazama mwanawe tu. "Nyamaza mama," alimwambia. "Nyamaza, Cibalonza. Nyamaza mama yangu, Cibalonza."

Padri Anaclet akaweka kiganja sikioni. "Jina gani, maman? Hawa batoto wamenishinda!"

Ndipo Joviale akakumbuka alipo. Akainua uso. Mikono ilikuwa bado inapiga, pa, pa, na kati ya pa na pa palikuwa na nafasi, pana, tulivu, ya kumtosha mtu na mtoto wake.

"Cibalonza!" alisema.

"Nani?"

"Cibalonza!" alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo, ikawapita watoto wote sita, ikaenda mpaka ngazini. "Ni jina la mama yangu! Cibalonza!"

Safu ya tatu mtu mmoja alipiga kigelegele, na nyinyi mnamjua. Wanawake wengine wakamjibu, Papa Honoré akagundua mkono wake uko juu ya ngoma na akaona aibu, kwa hiyo akapiga kwa nguvu ili ionekane alikusudia. Watoto wakashtuka. Wakanyamaza wote kwa mara moja, kama bonde la Nyangezi likitupiwa jiwe.

Katika kimya hicho padri alisema, "Vizuri. Sasa Mungu amesikia, na mtaa wetu wote wa Ibanda umesikia." Akaenda kwa mtoto wa tano.

Joviale hakusikia tena majina mengine. Alisimama na machozi yanamtiririka, akisema moyoni asante, asante, asante, na hakujua anamshukuru nani zaidi, Mungu, mama yake, bibi wa Glody mwenye mkono mzito, au upepo wa ziwa uliomzuia baba wa mtoto.

Maji yalipomgusa kichwani, Cibalonza hakulia hata kidogo. Alipiga chafya.

*

Sombe ilitosha watu wote, pamoja na ile iliyookotwa udongoni na kuoshwa mara tatu. Jean-de-Dieu alifika jua likishuka, viatu vimelowa, gunia la vitunguu limemwacha na harufu yake. Alisimama mlangoni hata kabla ya kusalimu.

"Nani alisema jina?"

Majirani wote walimwonyesha mke wake kwa vidole, miiba ya samaki mikononi.

"Weye? Nisikie na miye."

Joviale akafungua mdomo. "Ci... Ci..." Mlango ukakataa. Delphine akavuta pumzi, Mama Constance akamkanyaga mguu. Jean-de-Dieu hakumsaidia. Alimchukua mtoto, akaketi kando ya mkewe kwenye mkeka, akaanza kumpigapiga mgongoni taratibu, kwa sababu ndivyo anavyombeba sikuzote, akangoja. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

"Cibalonza," alisema Joviale.

"Eh," alisema mumewe akimtazama mtoto, na macho yake yakajaa. "Ni yeye kweli."

Jumatatu jioni, darasani, Mwalimu Venant alipouliza kama kuna swali kabla ya kufunga somo, mkono mmoja uliinuka karibu na dirisha. Watu wakageuka, maana mkono huo hawakuwahi kuuona. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala.

"Si swali, Mwalimu," alisema Joviale. "Ni kitu niliona kwetu, Nyangezi. Ni juu ya ch... juu ya ch..."

Darasa likatulia. Hakuna aliyekohoa, au kama alikuwepo, Joviale hakumsikia. Nje, mbali, fundi mmoja alikuwa anagonga bati, na fundi mwingine akaanza kugonga lake. Joviale aliwasikiliza, mkono wake nyuma, juu ya mgongo wa mwanawe. Alijua kwamba neno litafika, na kwamba hawa wote watakuwa bado wapo litakapofika.